Kiti Kinachotazama Ukuta

Kabula mwanangu,

Mmeondoka saa nane kwenda Nkololo kumuaga bibi yako, na mama yako amenipa mpaka magharibi niwe nimemaliza. "Kama huwezi kusema, andika," aliniambia huku anajifunga khanga, "lakini usimwache mtoto apande gari hivi hivi." Mimi nilisingizia goti. Goti linauma kweli, ila halijawahi kunizuia kupanda bodaboda mpaka Nkololo, na mama yako analijua hilo kuliko mimi. Basi nipo barazani, kwenye meza ile ile. Penseli nimeichonga mara tatu na sijaandika cha maana.

Habari za blanketi, neti, dawa za tumbo na namna ya kukaa kwenye nyumba ya watu, mama yako amezimaliza tangu wiki iliyopita, na nyingine amezirudia mpaka nikatoka nje. Sina la kuongeza huko. Mfuko wa michembe, vile viazi vikavu, aliokufungia ni mzito kuliko begi lako, lakini usithubutu kuupunguza.

Nianze na lile ambalo hatulisemi humu ndani. Kesho asubuhi unapanda basi la Shinyanga, kwenda kwa mume na mke ambao hujawahi kuwaona, umfundishe mtoto wao wa miaka tisa ambaye hajui kusoma. Kazi hiyo waliniita mimi. Niliwajibu kwamba nimechoka, na kweli nimechoka, macho yananitoka machozi nikisoma kurasa mbili. Na ndani ya begi lako, chini ya nguo, kuna barua ya kukubaliwa chuo cha mifugo, upande wa Mwanza, ambako wenzako wanaripoti wiki hii hii. Siku uliyonionyesha barua hiyo nilisema, "Vizuri." Ukanitazama. Ulinitazama kama sekunde kumi hivi, halafu ukasema, "Nitaenda Shinyanga, baba. Chuo kitakuwepo mwakani." Nikashusha pumzi, tukala ugali.

Nataka kukueleza habari ya kule kunitazama. Itanibidi nizunguke kidogo, nivumilie.

Unajua nilivyoingia kwenye kazi hii. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama yako haruhusiwi kuyataja mbele ya wageni. Tangu darasa la kwanza nilikaa nyuma ya darasa lenye watoto wengi kuliko madirisha yangeweza kupitishia hewa, na kwa miaka yote ile hakuna mwalimu aliyewahi kujua kama ninaelewa au ninaitikia tu pamoja na wenzangu. Ndiyo maana jirani aliponiomba nimsaidie mwanawe hesabu, nikavuta viti viwili kwenye meza hii, nilijiona nimegundua kitu. Mtoto mmoja, mwalimu mmoja, goti kwa goti. Nilijiambia kwamba kama na mimi ningepata mtu wa kunikazia macho namna hii, ningekuwa mbali. Sikuwa na cheti cha ualimu na mpaka leo sina, lakini watu wa Bariadi waliniita Mwalimu, na nilipenda kuitwa hivyo.

Nilikuwa hodari pia, nisijidharau. Nilijua kumshawishi mtoto mkaidi. Nilijua ni nani anahitaji kuanza na hesabu na nani anahitaji kwanza kusimulia mbuzi wao alivyoingia jikoni. Na nilijisifu kwa jambo moja, ambalo wewe na mama yako mmelicheka miaka yote: kwamba uso wangu hausomeki. Nilisema mwalimu lazima awe na uso wa chuma, mtoto asijue kama umefurahi au umekasirika. Nililisema hilo hata kwenye kibanda cha chai, mbele ya watu wazima, kwa sauti.

Sasa nikwambie habari za Masanja. Jina lake unalijua kwa sababu ya zile salamu za sauti anazonitumia kwenye simu kila sikukuu, lakini sijawahi kukwambia yeye ni nani kwangu. Wewe ulikuwa na miaka minne alipokuja.

Baba yake, Mzee Ng'wandu, alikuwa na ng'ombe wengi kule upande wa bibi yako, na watoto wengi, na hakuna hata mmoja aliyevuka darasa la saba. Alimchagua Masanja, akamleta mjini akae kwa shangazi yake, asome darasa la saba hapa, na kila jioni aje kwangu. Siku ya kwanza mzee alikaa kwenye kiti kile cha kamba, fimbo katikati ya magoti, akasema, "Mwalimu, mimi karatasi zinanionea. Nikiwekewa karatasi natia dole gumba tu, sijui nimekubali nini. Nataka kwenye mji wangu awepo mmoja wa kuziona. Huyu akifaulu, anaendelea. Akishindwa, anarudi kwa ng'ombe, na mimi sitajaribu tena kwa mwingine." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Masanja alikuwa mtoto mtulivu. Tangu akiwa mdogo amechunga, na mtoto wa kuchunga ana macho. Alikaa pale unapokaa wewe, mimi hapa, kitabu katikati. Wiki ya kwanza alisoma kwa kusuasua, anarudia silabi, anapotea. Mwezi wa pili akaanza kwenda. Mwezi wa tatu, ukimwekea maswali ya kuchagua, kidole chake kinapita juu ya majibu polepole, kinasimama, na kinasimama mahali penyewe. Ukimwekea hesabu ya sehemu anaanza vibaya, anasita, anafuta, anaanza upya, anapata. Nilikuwa na raha ambayo siwezi kukueleza. Nilikuwa namwendea mama yako jikoni kumwambia, "Mtoto yule amefunguka." Kwenye kibanda cha chai nilimtaja mpaka wakachoka.

Matokeo yalipotoka, Masanja alikuwa ameshindwa. Hakushindwa kidogo, alishindwa kabisa.

Mzee alikuja na mwanawe baada ya siku nne. Nakumbuka ulikuwa umekaa kizingitini unatafuna viazi vikavu vya matobolwa. Alisalimu, "Mwadila, mwalimu," nikaitikia, akakaa. Hakugomba. Alisema tu, "Nimekuja unieleze." Nami, Kabula, nilikuwa na aibu, na aibu yangu huwa inatoka kama hasira, unanijua. Nilisema, Masanja amesimama pale pale, "Mzee, mimi nimefanya yote. Kichwa cha mtoto huyu hakishiki."

Mzee akamgeukia mwanawe. "Ni kweli?"

Masanja alinitazama mimi. Alinitazama vizuri, kama alivyokuwa akifanya siku zote kabla ya kujibu. Halafu akaitikia kwa kichwa, kwamba ni kweli.

Wakaondoka. Nilidhani ameitikia kwa sababu anajijua. Nililala usingizi mzuri siku ile, na hicho ndicho ninachoona haya kukiandika kuliko vyote.

Ikapita miaka miwili. Nilikuwa mnadani, nimemsindikiza mjomba wako kununua mtamba. Nikamwona kijana mrefu, ameshika fimbo, anawapanga ng'ombe wa baba yake. Alikuja akanisalimu kwa heshima, kainama, "Mwangaluka, mwalimu," kana kwamba sikuwahi kumsema. Tukawa tumesimama pamoja. Mnunuzi mmoja akawa anamsogelea ng'ombe mwekundu kwa nyuma. Masanja akasema taratibu, "Anapigwa teke huyo." Hata hajamaliza, mtu kashika paja, yuko chini.

Nikacheka, nikamuuliza amejuaje.

"Sikio, mwalimu. Ng'ombe anakwambia kabla. Sikio, mkia, na hapa kwenye ngozi ya bega." Akatabasamu. "Wewe ulikuwa rahisi kuliko ng'ombe."

"Mimi?"

"Ee. Kidole changu kikiwa kwenye jibu la uongo, unakunja hapa." Akagusa katikati ya nyusi zake. "Kikifika kwenye la kweli, unaacha kupumua. Na kwenye hesabu, nikianza vibaya, ule mguu wako wa kulia unaanza kucheza chini ya meza. Nikifuta, unatulia."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilifikiri ndiyo kusoma kwenyewe, mwalimu. Kitabu nilikuwa sikitazami sana. Nilikuwa nakutazama wewe, na ulikuwa unafurahi." Akamrudisha ng'ombe mmoja kwenye kundi. "Sasa kule kwenye mtihani msimamizi alikaa mbali, karibu na mlango. Nilimtazama, nikamtazama. Uso wake haukuwa na kitu."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka juzi. Mimi nilimwacha mjomba wako na mtamba wake, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Kosa hilo, Kabula, mwalimu wa darasa kubwa hawezi kulifanya hata akitaka. Ana watoto themanini, nani atayaona magoti yake? Ni kosa letu sisi wa kiti kwa kiti. Ukaribu nilioulilia utotoni ndio uliomla mtoto wa watu. Nilimketisha mahali ambapo kila jibu lilikuwa limeandikwa juu ya paji langu, halafu nikashangaa kwamba hakujifunza kulitafuta kitabuni. Halafu nikasema kichwa chake hakishiki! Mtoto aliyejifunza mwenyewe, kwa miezi mitatu, lugha nzima ambayo mimi mwenye nayo sikujua kwamba ninaisema.

Kesho yake ndipo nilipogeuza kiti. Wewe umekua ukikiona kiti hicho kimetazama ukuta na hukuwahi kuuliza, kwa sababu mtoto haulizi kwa nini mlango uko upande ule. Mwanafunzi niliyekuwa naye ni Minza, binti wa fundi cherehani. Nilimwekea kitabu, nikamwambia, "Soma mpaka hapa chini, halafu unieleze. Mimi nipo. Sitazami." Nikageuka, nikampa mgongo, nikachukua ungo wa choroko nianze kuchambua mawe ili mikono iwe na kazi.

Kimya kilichofuata kilinitesa. Hujui kimya cha mtoto mmoja kilivyo kizito. Darasani kimya kinagawanywa, hapa chote ni chenu wawili. Nilimsikia anapumua. Nilimsikia anafunua ukurasa na kuurudisha. Akaniita, "Mwalimu, hapa ni hivi?" Nikasema, "Sijui, mimi naona ukuta." Akalia. Kabula, alilia kweli, na mimi nilishika ungo kwa mikono miwili nisigeuke. Siku ya pili akalia kidogo. Wiki nzima sikupata chochote zaidi ya choroko safi, na mama yako akaanza kuniuliza kama fundi cherehani anajua mwanawe anafundishwa na kisogo.

Wiki ya tatu Minza alikuwa anasoma kwa sauti habari ya mtu na kisima. Alisoma sentensi moja kimakosa. Nikauma ulimi. Akaendelea maneno matatu, akasimama, halafu nikamsikia anajisemea, polepole, wala hakuwa ananiambia mimi: "Siyo. Ngoja." Akarudi, akaisoma upya, akaipata.

Nimefundisha miaka ishirini na sita, na kama ukiniuliza nimepata nini, nitakwambia nimeyasikia maneno hayo mawili mara kadhaa. Siyo. Ngoja. Mtoto akishayasema peke yake, bila kukutafuta kwa macho, wewe kazi imekwisha, unaweza kwenda kunywa chai. Na usipokuwepo atayasema vile vile. Sijui njia nyingine ya ufundishaji zaidi ya hiyo. Mengine yote, kadi za silabi, vijiti vya kuhesabia, nyimbo, utayapata kwa walimu waliosoma kuliko mimi, na mengi ni mazuri.

Lakini kiti hakitoshi. Sauti nayo ina uso. Nilijigundua nakohoa kila mtoto akikosea, nikaacha kukohoa, nikaanza kuitikia "ee" nzito akikosea na "ee" nyepesi akipatia. Minza ndiye aliyeniambia. Nikaacha na hiyo. Nadhani mpaka leo kuna njia ninawaambia ambayo bado sijaijua. Ukifundisha popote, iwe mtoto, iwe mchungaji unayemwonyesha namna ya kumchoma ng'ombe sindano, kumbuka kwamba unasema hata ukiwa umefunga mdomo, na mwenye kukutegemea anakusikia vizuri zaidi.

Kwa Mzee Ng'wandu nilikwenda. Nilichelewa, sikuficha. Miaka mitano baada ya ule mnada ndipo nilipopata moyo. Nilimwambia mbele ya watu wa mji wake, "Mzee, nilikudanganya. Kichwa cha mwanao kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa langu." Nikamweleza lote, habari ya uso na mguu chini ya meza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki, mwalimu. Masanja ameshaoa." Akaniagizia maziwa. Nikamwambia Masanja nitamfundisha upya, bure, jioni yoyote anayotaka. Akashukuru, "Wabeja, mwalimu," akacheka, na hakuja. Ndiyo maana ananitumia salamu za sauti. Kuandika hajui. Kila sikukuu simu inalia, nasikia sauti yake ya furaha na ng'ombe nyuma yake, na kila sikukuu mama yako ananiuliza kwa nini ninatoka nje kuisikiliza.

Sasa nimefika nilipotaka kufika, na jua linaingia barazani, mtarudi si muda.

Mganga hajigangi. Kwa watoto wa watu wote niligeuza kiti, kuanzia Minza mpaka huyu wa juzi. Kwako sikugeuza. Wewe uliposhika kitabu pale mezani nilivuta kiti karibu, nikakukabili, na nikakutazama. Najua nilichokuwa nafanya. Nilikuwa najua kabisa, na bado nilifanya, kwa sababu ile saa moja ya jioni, wewe na meno yako yaliyong'oka, ilikuwa raha yangu ya siku nzima na sikutaka kuitumia kutazama ukuta. Mama yako alinisema mara moja. Nilimwambia wewe una akili, huna haja ya yale. Na ulifaulu, si ndiyo? Ulifaulu kila mtihani, kwa hiyo nikajisamehe.

Lakini nimekuwa nikikuona. Ukiulizwa unataka soda gani, unanitazama. Ulipochagua masomo ya kidato cha tano ulinisomea orodha taratibu, jina moja moja, na macho yako hayakuwa kwenye karatasi. Ninakumbuka ulivyosimama kwenye somo moja. Ninakumbuka na mimi, Mungu anisamehe, nilivyoacha kupumua.

Kuna siku moja tu ambayo sijakuona ukinitafuta. Ulikuwa na miaka kumi na minne, kwa bibi yako, ng'ombe ameshindwa kuzaa tangu asubuhi na mtaalamu wa mifugo hapatikani kwenye simu. Mjomba wako anapiga kelele, mimi natoa ushauri nisioujua. Ulijipaka sabuni mpaka juu ya kiwiko, ukapiga magoti kwenye matope, ukamwambia mjomba wako anyamaze. Mjomba wako, mtu mzima, ukamwambia anyamaze! Nilikuwa nimesimama mbele yako kabisa na hukuniona. Nilisikia unajisemea kitu, ukatoa mkono, ukauingiza upya namna nyingine. Sikusikia ulichosema. Ndama yule sasa ni mama mwenye ndama wawili.

Siandiki hilo ili kukusukuma upande mmoja. Umewafundisha watoto wa jirani pia, na wanakupenda, na huyo mtoto wa Shinyanga akikupata wewe atakuwa na bahati. Nakwambia nilichokiona, basi.

Na ili nisiwe tena yule anayesema kwa paji, acha niseme kwa mdomo, yaani kwa penseli. Ninataka uende Shinyanga. Ninataka kazi hii isife na mimi. Nimechoka, Kabula, nimechoka sana, na nilipokuona ukikaa na watoto wa jirani kwenye meza hii nilijiona ninaweza kupumzika bila kuaibika. Waliponipigia simu nikasema, "Kuna mtu," sikusema nani, nikaja nikakaa mbele yako na uso wangu huu wa chuma. Wewe ulisoma kila kitu. Kwa wiki tatu nimejua kwamba hukuamua, umejibu tu lile jibu nililolitaka, na nikanyamaza kwa sababu lilikuwa tamu. Nilimfanyia hivyo Masanja bila kujua. Wewe nimekufanyia nikijua.

Basi nimekwisha kulisema. Ni tamaa ya mzee mmoja mwenye goti bovu. Itazame, ni hiyo tu, halafu iweke pembeni na mambo mengine ya kutazama. Unaweza ukaichukua ukaenda nayo Shinyanga kwa miguu yako mwenyewe, na itakuwa sawa. Unaweza ukaiacha hapa mezani.

Wale wa Shinyanga nimewapigia mchana huu, mlipotoka. Nimewaambia binti yangu bado hajaamua, na kosa la kuwaambia kwamba ameamua ni langu. Mama wa mtoto hakufurahi, lakini alisema wana mwalimu mwingine, mwanamke wa Kahama, waliyemfikiria kabla yetu, na watangoja simu yako mpaka kesho jioni. Mtoto huyo hatakosa mtu. Usimbebe moyoni.

Najua utataka kuniuliza. Ukifika leo utaisoma barua hii, utakuja barazani, utakaa, na utanitazama. Nakuomba usije. Nimemwambia mama yako nitakula mapema na kuingia ndani. Si hasira. Ni kwamba sijiamini, na karatasi ndiyo pekee humu ndani isiyokunja ndita.

Kesho asubuhi nitakusindikiza mpaka stendi na kubeba ile michembe. La Shinyanga kupitia Maswa linapakia upande wa kushoto, la Mwanza kupitia Lamadi upande wa kulia, unajua. Yanaondoka yakipishana dakika chache. Nitaweka mizigo yako katikati. Halafu nitakwenda kwa mama anayeuza chai na vitumbua, kuna benchi lake linalotazama ukuta wa stoo, na nitakaa hapo na chai yangu, mgongo kwenye mabasi. Watu watashangaa. Waache washangae, wamenishangaa miaka ishirini na sita.

Chukua muda. Kama tayari umeweka mguu kwenye ngazi ya gari, lolote kati ya hayo mawili, na ukajisikia unasema "Siyo. Ngoja," basi shuka, hata kondakta agombe, hata mzigo uwe umeshafungwa juu. Sitasikia mimi, stendi ina kelele. Halihitaji mimi nilisikie.

Sitageuka mpaka yote mawili yawe yameondoka. Ukifika, nipigie uniambie uko wapi, na mimi nitauliza kama umekula.

Nipo. Sitazami.

Baba yako